Mgombea Mpya Akibisha Hodi

Wameanza kuonekana. Matangani kule Mtongwe utamwona mmoja amekaa mkekani nyuma ya wazee, na jirani akunong'oneze kwamba huyo naye anautaka uwakilishi wadi. Uwanjani Mikindani, Jumapili jioni, yuko dada aliyekuwa mwalimu wa chekechea, anasalimia watu mmoja mmoja. Sokoni Kongowea, kijana aliyezoea kusukuma mkokoteni ameanza kuulizwa na wenzake kama ni kweli lile walilosikia.

Kwa Katiba yetu, Uchaguzi Mkuu ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, yaani tarehe 10. Kaunti ya Mombasa ina wadi 30, kutoka Shika Adabu mpaka Mwakirunge. Kila moja itakuwa na watu wa namna hii: hawajulikani sana, hawana gari la vipaza sauti, na wanataka kumtoa kitini mwakilishi aliyeko.

Ndugu wananchi, nataka tuzungumze habari zao. Tutawapokeaje?

Simpigii mtu debe. Mwakilishi aliyeko kitini ni mtoto wetu vilevile, na kama ametenda vyema, mrudisheni kwa moyo mweupe. Lakini hata yeye atatufanyia kazi vizuri zaidi akijua kuna mwingine anayesikilizwa mtaani. Mtu mwema naye hulegea akikaa miaka mitano bila wa kumuuliza. Ndiyo maana nasema mgombea mpya ana faida kwetu, ashinde asishinde.

Sasa tuanze pale mlangoni.

Amekuja saa moja jioni. Sufuria iko jikoni, watoto wamekaa na madaftari yao. Anapiga hodi, anasalimia, anataja jina lake na kusema kwamba anagombea. Je, ni neno gani hututoka kwanza?

Mara nyingi ni lile tunalolijua sote: "Sasa mheshimiwa, unatuachia nini?"

Hatulisemi kwa ubaya. Unga umepanda, kodi ya nyumba inasubiri, na wanasiasa wenyewe ndio waliotuzoesha kwa miaka mingi. Wahenga nao walituachia ule usemi wa mkono mtupu haulambwi. Nawaelewa kabisa wanaonyoosha kiganja.

Hata hivyo, mtazameni vizuri huyu aliyesimama hapo. Katika uchaguzi wa 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilitoza shilingi 5,000 kwa anayegombea wadi, na nusu ya kiasi hicho kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo mwalimu wa chekechea anaweza kuziweka pole pole kupitia chama chake cha akina mama. Ada ya Tume siyo inayomwangusha. Kinachomwangusha ni mia mia: mia ya maji, mia mbili za nauli, elfu ya matanga, mchango wa harusi, jezi za timu, soda za vijana wa maskani. Mwezi wa kwanza akiba imekwisha. Mwezi wa pili anakopa. Mwezi wa tatu anajitoa, au anamtafuta tajiri wa kumbeba.

Akibebwa na tajiri, siku atakapokaa kitini atamsikiliza nani kwanza, mimi na wewe au yule aliyemlipia? Kandarasi ya mtaro wa mtaa wetu itakwenda kwa nani? Sisemi kwamba kila aliyekopa ataiba. Nasema tunamtwika mtoto wa watu deni kabla hajaianza kazi, kisha deni hilo tunalilipa sisi, kwa taa zisizowaka na taka zisizozolewa.

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeifanya hongo ya kura kuwa kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Lakini sipendi tuliache jambo hili kwa kuogopa polisi. Napenda lianzie nyumbani. Baba na mama kaeni mkubaliane mapema: mgombea yeyote akija hapa, wa chama chochote, tutampa kiti, maji ya kunywa na dakika kumi, wala hatutamwomba kitu. Waambieni na vijana wenu. Ukiwa mwenyekiti wa steji ya boda boda, au mweka hazina wa chama, lilete neno hilo kwa wenzako. Na mkiwa na msiba, mwacheni aje kama jirani, atoe rambirambi kama jirani, jina lake na kiasi alichotoa visitangazwe.

Yako mambo mawili ambayo hata asiye na shilingi anaweza kumpa mgombea, nayo ni sikio na swali. Sikio nadhani tunalo. Swali ndilo linalotupiga chenga, kwa sababu wengi wetu hatujaelezwa vizuri mwakilishi wadi kazi yake ni ipi.

Katiba ya 2010 imelipa bunge la kaunti kazi ya kutunga sheria za kaunti na ya kuisimamia serikali ya kaunti. Mwakilishi wadi hajengi barabara wala hana hazina ya kugawa. Gavana na mawaziri wake wa kaunti ndio watekelezaji. Mwakilishi anatusemea, anauliza, anakagua, na bajeti haipiti bila wabunge wa kaunti kuikubali. Ni kazi ya kusoma makaratasi mengi na kukaa kwenye kamati saa nyingi. Karamu na mazishi ni ubinadamu mzuri, lakini havimo katika kazi hiyo.

Tena kazi za kaunti zimetajwa wazi katika Jedwali la Nne la Katiba. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, masoko, taka, mitaro ya mvua, taa za mitaani, barabara za kaunti, zima moto, makaburi. Polisi, shule za msingi na za sekondari, barabara kuu na bandari ziko kwa serikali ya taifa.

Basi mgombea akikuahidi feri mpya ya kivuko cha Likoni, mwulize kwa upole: "Mwanangu, feri hiyo si inaendeshwa na shirika la serikali kuu? Wewe kama mwakilishi wa wadi utaifikiaje?" Akikuahidi kuwatia vijana wote wa mtaa kazini bandarini, mwulize vivyo hivyo. Usimcheke. Huenda naye hakufundishwa, na swali lako hapo mlangoni litamrudisha nyumbani akasome.

Akigusa taka, hapo mvute kiti karibu. Kila nyumba ya Mombasa inalijua jambo la taka kwa pua yake. Lile dampo la Kibarani, lililokuwa likitupokea sote tulioingia kisiwani, lilifungwa na mahali pake pakatengenezwa bustani. Kumbe mambo hubadilika! Siku hizi taka nyingi zinapelekwa Mwakirunge. Mwulize: gari la taka linapita mtaa wetu siku gani? Linapokosa kuja, nani huulizwa? Wapi taka zinarundikwa kabla ya kupelekwa dampo, na mahali hapo pana ukuta au ni karibu na kisima cha watu? Wewe ukiwa bungeni utamwita afisa gani mbele ya kamati, na utamwuliza nini?

Na ndugu zetu wanaoishi Mwakirunge penyewe, jirani na moshi wa dampo hilo, wana mwakilishi wao na wagombea wao. Maswali yao ni mengine kabisa, na ni haki yao yaulizwe kwa sauti. Sisi wa mitaa mingine tukimsikia mgombea anasema taka "zipelekwe mbali", tumkumbushe kwamba hapo mbali pana watoto.

Kuna swali moja ambalo ningependa likae katika kila nyumba: "Umewahi kuhudhuria kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti? Ulisema nini?"

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kila mwaka unatakiwa kufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili, na bunge linapaswa kuwa limeyapitisha kufikia 30 Juni. Katikati ya tarehe hizo wananchi wanaitwa watoe maoni. Vikao vyenyewe mara nyingi vina viti vitupu. Mgombea aliyewahi kukaa katika kimojawapo, akasimama akasema mtaro wa mtaa fulani umeziba, huyo ameshaanza kazi kabla ya kuombewa kura. Na kama hajawahi kwenda, mwambie kikao kijacho nendeni pamoja.

Lile swali la "umesoma mpaka wapi" tuliweke kando kidogo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilisema sharti la digrii kwa wawakilishi wadi linakwenda kinyume cha Katiba. Elimu ni jambo jema, nani atabisha? Lakini mama aliyeuza samaki miaka ishirini na kuweka hesabu ya chama bila kupotea hata senti ana jambo la kutueleza kuhusu bajeti.

Wengine watasema: hata tukisikiliza, mtu mpya asiye na fedha hawezi kushinda. Hebu tuhesabu pamoja. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa Mombasa walizidi 641,000, na kura za urais zilizopigwa hapa hazikufika 300,000. Chini ya nusu yetu tulikwenda. Ukigawa kwa wadi 30, ni wastani wa watu 21,000 kwa wadi, na waliopiga kura ni kama 9,000 tu. Hao wakigawanyika kwa wagombea saba au wanane, na kwa kuwa hakuna duru ya pili, anayeongoza amechukua kiti. Kwa hesabu hiyo, watu wa mitaa miwili mitatu wakiamka asubuhi wanaweza kugeuza wadi nzima.

Tena tumeshaona. Mwaka 2017, kule Igembe Kusini katika Kaunti ya Meru, John Paul Mwirigi aligombea ubunge akiwa na miaka 23, mwanafunzi wa chuo kikuu, bila chama. Alifanya kampeni kwa miguu. Wananchi walimpa kiti cha Bunge la Taifa, ambacho eneo lake ni kubwa kuliko wadi yoyote, na mwaka 2022 wakamrudisha.

Asiye na chama anahitaji msaada wetu wa aina nyingine pia. Katiba inamtaka alete majina ya wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo wanaomuunga mkono, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kumtilia sahihi si kumpigia kura; kura yako bado ni siri yako. Unamfungulia mlango tu ili naye awe kwenye karatasi. Lakini anayemtilia sahihi naye hatakiwi kuwa mwanachama wa chama, kwa hiyo kwanza hakikisha wewe mwenyewe hujaandikwa katika chama bila kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishangaa kukuta majina yao katika vyama ambavyo hawakuvijua, nao wakaviona kupitia mtandao wa eCitizen. Mwombe kijana wako akuangalizie, ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu dada zetu nataka kusema zaidi.

Katika wadi 1,450 za Kenya nzima, wanawake waliochaguliwa mwaka 2022 walikuwa 115. Je, ni kweli kwamba katika mitaa yetu hakuna wanawake wenye akili ya uongozi? Nani huendesha vyama vya akiba? Nani hukimbia usiku na mgonjwa wa jirani? Tunawajua kwa majina.

Mgombea mwanamke hukutana na maswali ambayo mwanaume haulizwi. Mumeo amekuruhusu? Watoto umemwachia nani? Umeolewa wapi? Tukubaliane, jamani, tumwulize habari za taka na zahanati kama tunavyomwuliza kaka yake. Mikutano naye anapaswa kuifanya, na mingine humalizika giza limeingia. Akina mama wawili watatu wa mtaa wakimsindikiza mpaka nyumbani, wamemsaidia kuliko hotuba yoyote. Vijana wa maskani nanyi mna nafasi yenu hapa. Mtaa ambao vijana wake wamesema "huyu akipita kwetu hataguswa wala hatatukanwa" ni mtaa ambao mwanamke yeyote atapita.

Mgombea mwingine naye ataulizwa kabila. Mombasa ni ya Wamijikenda na Waswahili, ina Wataita, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wasomali, Waarabu, Wahindi na wengine, na wamezikana na kuozeshana humu. Badala ya "wewe ni wa wapi", mwulize anaishi mtaa gani, na bomba lake hutoa maji siku ngapi kwa juma. Jibu la hapo litakuonyesha kama anakaa nasi.

Kazini nako kuna la kufanya, kila mtu kwa nafasi yake. Kinyozi na msusi, kwenu watu hukaa na kuzungumza; mkisema "hapa kila mgombea anasemwa kwa heshima", wateja watafuata. Wenye boda boda na tuktuk hukodishwa kwa misafara. Riziki hiyo ni halali, ichukueni, ila msikubali nyongeza ya kwenda kumzomea mwingine. Mashekhe na wachungaji, mmoja akipewa nafasi ya kusalimia waumini, basi na wengine wapewe. Au asipewe yeyote. Nawe uliye msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa, ukiletewa picha ya kumchafua mtu, iulizie imetoka wapi kabla haijafika kwa watu mia mbili. Wenye maduka, mkiombwa ukumbi au kivuli cha kukutania, toeni kwa masharti yale yale kwa wote.

Ningefurahi sana kama wazee wa mtaa wangewaita wagombea wote, aliyeko kitini na wanaomkabili, wakae benchi moja barazani alasiri moja. Isiwe mkutano wa kelele. Kahawa na tende za kuchangiwa na wenyeji, maswali kumi yaliyoandikwa, kila mmoja ajibu kwa muda sawa. Mwakilishi aliyeko atapata nafasi ya kueleza aliyoyafanya, na pengine mengine tulikuwa hatuyajui. Mpya atapata kujua ugumu wa kiti anachokitaka. Je, mtaa wenu una baraza ya kutosha watu hamsini? Mnaweza kulifanya hilo bila ruzuku ya mtu.

Siku ya kura kila mmoja hupewa karatasi sita, na ile ya mwakilishi wadi ndiyo wengine huitia alama haraka haraka kwa uchovu. Msiifanyie hivyo. Huyo ndiye kiongozi mtakayekutana naye dukani.

Baada ya matokeo, mgombea wetu mpya huenda ameshindwa. Wengi hushindwa mara ya kwanza. Tafadhali msimwache ajifungie ndani. Nendeni mkamwone na mumpe pole, kisha mmwambie mtaro bado umeziba. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge la kaunti ombi, na Katiba inataka vikao vya bunge hilo viwe wazi kwa umma. Yeye ameshatembea nyumba kwa nyumba na daftari lake limejaa shida zetu. Kaeni naye, liandikeni ombi, mkalipeleke pamoja kwa yule aliyeshinda.

Liko jambo moja la wiki hii, maana hilo halisubiri kampeni. Wengi wetu tunaishi Miritini au Bamburi, lakini tumejiandikisha kura Voi, Kitui au Busia. Mtu wa namna hiyo hata akimpenda vipi mgombea wa mtaa wake, hawezi kumpa kura, kwa sababu karatasi ya wadi atakayopewa ni ya kule alikojiandikisha. Kuhamisha kura kunafanyika katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi sasa, kabla daftari halijafungwa kwa ajili ya uchaguzi. Nenda na kitambulisho chako. Na yule kijana wa nyumba ya pili aliyetimiza miaka 18 juzi, ambaye kitambulisho chake kimeshatoka lakini bado hajajiandikisha, mpitie muende pamoja.